Cha Kuamshia

Kazi yangu ni kutoamini. Nikivaa koti jeupe asubuhi, kabla sijagusa chochote ninakuwa nimeshashuku kila kilichomo chumbani: maji, chupa, mikono yangu mwenyewe na, zaidi ya vyote, habari njema. Maabara yetu iko Mwanza. Tunatafuta dawa mpya ndani ya mimea, dawa za kuua bakteria wa vidonda ambao wameshazoea dawa za hospitali na hawazisikii tena. Tunawaotesha kwenye sahani ndogo zenye rojo, tunatoboa vishimo vitatu, tunatia matone. Kishimo cha kwanza kinapata dawa ya mmea tunaoupima. Cha pili kinapata dawa ya hospitali tunayoijua vizuri. Cha tatu hakipati kitu, ila ule umajimaji mtupu tuliotumia kuyeyushia. Kesho yake, palipo na dawa ya kweli, bakteria wamekufa na kuacha duara tupu. Kishimo cha tatu kikiwa na duara, ujue kuna mtu amekosea au kuna mtu anadanganya. Mimi huanza na hicho cha tatu.

Tabia hii sikuipata chuoni. Nimezaliwa kijijini, mwendo wa saa moja kwa pikipiki kutoka Bariadi mjini, mahali ambapo jirani akikuletea kibuyu cha maziwa unasema wabeja, asante sana, kisha unakaa kujiuliza anataka nini. Wazazi wangu walikuwa wakulima wa pamba, Wakatoliki wasiokosa misa ya Jumapili, na bado mlangoni kwetu palifukiwa kitu ambacho hakuna aliyekizungumzia. Chuo kilinifundisha tu kuandika tarehe kando ya shaka zangu.

Shangazi yangu, dada yake baba, ni nfumu, yaani mganga, lakini ni mganga wa jambo moja tu: vidonda. Hapigi ramli, hatafuti wachawi, hatoi dawa ya mapenzi. Ukimwendea na habari za jirani anayekuroga atakuambia una muda mwingi wa kupoteza, nenda kapalilie. Ila ukimpelekea mguu uliooza, mguu ambao zahanati wameusafisha hadi wakachoka, atauosha, ataunyunyizia unga wa rangi ya kahawia, ataufunga kitambaa, na baada ya wiki kadhaa mwenye mguu anarudi shambani. Nimeona kwa macho yangu. Mwalimu wangu wa darasa la tano alipelekwa kwake juu ya mkokoteni wa ng'ombe, akarudi kutuchapa.

Dawa hiyo hakuibuni yeye. Aliipata kwa shangazi yake, naye kwa shangazi yake. Katika ukoo wetu inatoka kwa shangazi kwenda kwa binti wa kaka yake, haina njia nyingine. Shangazi amezaa wanaume wanne na alikuwa na kaka mmoja, marehemu baba yangu. Baba alikuwa na binti mmoja. Kwa hiyo tangu nikiwa msichana nilijua, na kijiji kizima kilijua, kwamba ipo siku atanikalisha chini na kunifundisha, la sivyo dawa itazikwa naye. Nilipokwenda kusomea mambo ya vijidudu hakuna aliyeshangaa. Walidhani naanzia mbali ili nifike karibu.

Nilipomweleza mkuu wetu wa maabara habari za shangazi, alisema ni vizuri, lakini akanikabidhi fomu ya ridhaa kabla hajanipa ruhusa ya safari. Ni mtu wa taratibu. Mmea wa mtu hauingii katika maabara yake bila mwenyewe kukubali kwa maandishi au kwa dole gumba. Nikampigia shangazi simu kumwambia ninakuja, na ninakuja na karatasi. Akasema njoo, ni kwenu.

Nilimkuta uani. "Mwangaluka, sengi," nikamsalimu huku nimepiga goti. Sengi ndivyo tunavyomwita shangazi kwa Kisukuma. Akaitika, akaniuliza habari za Mwanza, za kazi, za mtu fulani aliyekuwa akinichumbia na ambaye nilikuwa nimeshamsahau. Baada ya uji nikatoa fomu, nikaisoma yote, nikiitafsiri kwa Kisukuma kila aya. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua ya jirani.

"Hao wanaoitaka ni wa ukoo gani?" aliuliza.

"Ni watafiti, sengi. Wanatoka kila mahali."

"Wasio na kwao, basi. Wakiipata wataipeleka wapi?"

"Wataitafuta ndani yake ile inayoua vijidudu. Wakiipata, wanaweza kuitengeneza."

"Alikuja mwingine kabla yako," alisema. "Naye alikuwa na daftari. Alikula kuku wangu wawili, akaenda, hajarudi hata kuniambia walikuwa watamu."

Aliikunja fomu mara nne, akaingia ndani, akaiweka chini ya godoro. Aliporudi alisema karatasi ilale kwanza. "Mti nitakupa. Shingila sikupi."

Hapo lazima nieleze, maana jambo lote limekaa hapo. Shingila ni kile kitu kidogo kinachoamsha dawa. Mzizi unaweza kuchimbwa na yeyote mwenye jembe, lakini bila cha kuamshia, wazee wanasema, umelala tu. Kinaweza kuwa chochote: jiwe, jani lingine, kipande cha mfupa. Mganga akikupa mti bila shingila hajakuibia wala hajakudanganya. Amekupa alichoamua kukupa. Shingila unapewa siku ukiaminiwa. Kama mtoto wa pale nililijua hilo tangu sijaanza shule. Kama mtu wa maabara nilikasirika, kwa sababu nilikuwa nimeshawaahidi watu.

Kesho yake asubuhi alinipeleka porini. Jina la mti ule sitaliandika. Si kwamba nakushuku wewe unayesoma. Basi, nakushuku kidogo. Alichimba upande linakochomoza jua, akakata mizizi miwili, akalifukia shimo na kulikanyaga vizuri. Mimi nikatoa karatasi yangu ya maswali. Yalikuwa ishirini na sita. Alijibu matatu, na moja kati ya hayo lilikuwa jina lake.

"Dawa haiulizwi, mayu," aliniambia, akiniita kama tunavyoitana wanawake wa kwetu. "Dawa inaangaliwa. Kaa, angalia, kaa tena."

Nilikaa siku tano. Nikaangalia, ila niliangalia kama askari. Katika chumba chake cha dawa, kwenye rafu ya udongo, palikuwa na vibuyu saba vyeusi kwa moshi, na pembeni yake kopo la plastiki la bluu, lililowahi kuwa la mafuta ya kujipaka. Halikufanana na wenzake. Siku ya pili nilimwona akilishika, akaligonga kwa kidole, akalirudisha taratibu, kisha akageuka kuona kama nimeona. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nilijisemea, sengi, hata mimi nina macho. Vibuyu ni vya kuonyesha watu. Dawa yenyewe, iliyokwisha kuamshwa, imo humo.

Nami nilikuwa nikitazamwa pia. Wanawake kisimani walinyamaza nilipofika. Mmoja, niliyesoma naye, alinivuta kando akaniuliza kama ni kweli natafuta damu za watu. Nikamwambia natafuta mizizi. Akasema ndiyo, ndivyo wanavyosemaga. Nilicheka, lakini njiani nilianza kujiuliza ni nani aliyewaambia, na kama si shangazi mwenyewe.

Jumamosi asubuhi shangazi alivaa kitenge chake kizuri, akachukua rozari, akaenda kusali kwenye jumuiya. Nilimsindikiza hadi kwenye ua wa minyaa, nikamtazama hadi akapotea nyuma ya nyumba za wanawe. Halafu nikarudi ndani, nikaingia chumba cha dawa, nikafungua kopo la bluu.

Niliiba. Leo naweza kuliandika neno hilo. Siku ile nililiita sampuli. Ndani kulikuwa na unga wa kahawia. Nilichota kijiko kimoja, nikakitia kwenye kichupa changu, nikalitikisa kopo ili unga ulale sawasawa, nikapangusa vumbi, nikarudisha mfuniko kama ulivyokuwa. Mikono yangu imefundishwa.

Siku ya kuondoka alinifungia michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, maana anajua Mwanza naila kama peremende. Alinishika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Umechukua vyako vyote?"

"Vyote, sengi."

"Una la kuniambia kabla hujaenda?"

"Hapana. Nashukuru tu."

"Haya. Ukiwa nalo, rudi uniambie. Njia unaijua."

Nilipanda pikipiki nikiwa nimeridhika. Niliona nimemzidi akili mtu aliyenifundisha kuhesabu kwa mbegu za pamba, na naona aibu kusema kwamba nilijisikia vizuri.

Maabarani nilisaga mizizi, nikaitoa dawa yake, nikapanga sahani. Mkuu aliuliza kuhusu unga: "Na huu, dada, mama karidhia?" Nikasema amekubali, fomu inakuja. Aliniangalia juu ya miwani, akaandika namba kumi na saba kwenye kichupa. Kesho yake tukafungua kabati la joto. Mzizi ulikuwa umeacha duara dogo, upana wa punje ya mhindi, kweli lakini la aibu. Namba kumi na saba ilikuwa imefagia sahani karibu yote. Bakteria ambao tulikuwa tumewatoa kwenye kidonda cha mgonjwa, wabishi wale, walikuwa wamebaki ukingoni tu.

Nilikitazama kishimo cha tatu. Kilikuwa kitupu, safi. Nikairudia kazi yote upya, na jibu likawa lile lile. Wenzangu walinipongeza, mmoja akaanza kuniita mama wa dawa. Kwa muda wa saa moja hivi nilikuwa mtu mwenye furaha. Kisha ile tabia yangu ikanirudia. Unga wa mzizi uleule hauwezi kuruka kutoka punje ya mhindi hadi sahani nzima kwa sababu tu mama mmoja ameuamsha. Habari ilikuwa njema mno.

Kuna kipimo kingine. Unadondosha tone la dawa kwenye bamba jembamba jeupe, unalisimamisha ndani ya umajimaji, na vilivyomo vinapanda, kila kimoja kikisimama kwenye urefu wake. Halafu unaliweka bamba chini ya taa ya zambarau. Nilipoiwasha taa, katikati ya bamba paling'aa doa la njano. Nililijua doa lile. Nikachukua bamba jingine, kando ya unga nikaweka tone la tetrasaiklini kutoka kabatini. Madoa mawili, rangi moja, urefu mmoja. Nikarudia mara ya tatu nikiwa nimeshajua.

Rangi mbili. Zile kapsuli nyekundu na njano zinazouzwa katika kila duka la dawa, ambazo nusu ya wakulima wa kwetu huzipasua na kujinyunyizia wakijikata kwa jembe. Na wale bakteria wabishi? Walikuwa sugu kwa dawa nyingine chungu nzima, ila kwa hiyo, kwa bahati, bado walikuwa wanakufa. Basi hiyo ndiyo shingila ya ukoo wetu, nilijisemea. Hayo ndiyo mashangazi kwa mashangazi. Nilimkumbuka mwalimu wangu juu ya mkokoteni, nikakumbuka mama zetu wakimpigia magoti shangazi, nikahisi moto kifuani. Shangazi wa shangazi yangu alikufa kabla kapsuli hizo hazijafika Bariadi, lakini hasira haihesabu miaka.

Niliomba ruhusa ya siku tatu. Bariadi mjini, kabla ya kwenda kijijini, nilipitia duka la dawa ambalo watu wa upande wetu wote hununua. Mwenye duka ni mama wa Kiislamu ambaye familia yake ilitoka Tabora zamani. Ananijua tangu nikiwa na sare ya shule. Nikamwamkia, nikamuuliza kama shangazi yangu huja kununua rangi mbili kwake.

"Kanunua, ndiyo," alisema. "Wiki ile ile uliyopita hapa kunisalimu. Alichukua boksi zima."

Nikamshukuru, nikatoka. Sikuuliza swali la pili. Nilikuwa na jibu nililolifuata, na mtu aliyepata alichokifuata hana haja ya kuendelea kusimama dukani.

Shangazi alikuwa uani, ameketi mbele ya rundo la pamba, anachambua. Wakati wa mavuno ndiyo kazi ya kila mtu: pamba safi upande huu, na fifi, ile chafu yenye manjano na majani, upande ule. Ukizichanganya watu wa mizani watakurudishia gunia lote. Nilimsalimu nikiwa nimesimama. Alinitazama miguu, kisha uso, akaniambia kaa. Sikukaa.

"Sengi, dawa yako ina rangi mbili."

Aliendelea kuchambua. "Dawa gani?"

"Ya unga."

"Unga sikukupa. Nilikupa mzizi."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nimeingia kwenye kesi nikiwa nimebeba ushahidi wa wizi wangu mwenyewe mkononi. Lakini nilikuwa nimeshafika mbali, nikasonga mbele. Nikamwambia nimeupima, nimeupima mara tatu, na mashine hazidanganyi. Nikamwambia mwenye duka ameniambia. Nikamwambia nimeona aibu mbele ya wakubwa zangu. Nikasema, na hili ndilo linalonichoma hadi leo, kwamba amewadanganya watu maisha yake yote. Mke wa mwanawe wa mwisho alikuwa jikoni. Niliusikia mwiko ukisimama.

"Ulichukua kwenye kopo la bluu," alisema shangazi. Hakuwa anauliza.

"Ndiyo."

"Chini ya mfuniko niliweka uzi mmoja wa pamba. Niliporudi jumuiya haukuwepo." Alitupa kipande cha fifi upande wake. "Uliponipigia simu kwamba unakuja, nilikwenda kwa yule mama wa dukani. Nikamuuliza ni dawa gani inaua wadudu wa kidonda kuliko zote. Akanipa hizo. Nikazipasua, nikachanganya na gome la kawaida, lisilo na kazi. Nilisema, huyu mtoto amesoma. Nikimwekea majivu atajua palepale. Ngoja nimwekee kitu kitakachomfurahisha."

"Ulinitega."

"Nilikutega. Nami nilitegwa."

Akaniambia tena kaa, na safari hii miguu ilinitii. Alizungumza huku anachambua, bila kuinua sauti. Shangazi yake, aliyemfundisha, alimwachia kibuyu kimoja pembeni ya vingine, kisha akaenda kupiga soga kwa jirani. "Niliiba," alisema. "Ungedhani nini? Aliyenifundisha naye aliiba. Kuiba si kitu, mayu. Nani atakaa na dawa nyumba moja asitake kuionja? Tunaangalia nani atarudi kusema. Mimi nilikaa siku tatu, nikaenda nikapiga magoti nikamwambia, sengi, nimechukua. Alicheka sana. Kesho yake akaanza kunifundisha."

Niliokota kipande cha pamba, nikaanza kuchambua nami.

"Nilikuuliza mlangoni kama una la kuniambia. Nikasema labda ana haraka ya basi. Nikasubiri. Kila pikipiki ikipita nasema ni yeye, anakuja kusema." Mikono yake ikatulia juu ya pamba. "Umekuja. Umekuja kuniambia mimi ni mwongo."

Natamani kuandika kwamba hapo nilianguka miguuni pake. Ukweli ni kwamba hata hapo nilimshuku. Nilikaa pale nikifikiri: mama huyu ni mwerevu, ametunga hadithi sasa hivi ili kujiokoa. Nikamwachia mkoba wangu uani, nikapanda pikipiki iliyonileta, nikarudi mjini hadi dukani, mwendo wa saa nzima chini ya jua, kwenda kuuliza swali la pili. Kwamba shangazi yangu amewahi kununua rangi mbili mara ngapi.

"Mara ngapi?" Mwenye duka alinishangaa. "Hiyo hiyo moja. Miaka yote hajawahi kununua hata panadoli. Nilimuuliza siku ile, za nani? Akasema kuna mtoto wake anakuja."

Niliporudi jua lilikuwa bado juu. Shangazi alikuwa amemaliza pamba, ameniwekea ugali na nsansa, ile mboga ya majani ya kunde yaliyokaushwa, imeungwa karanga. Hakuniuliza nimetoka wapi. Nilipiga magoti, nikamwambia nimechukua, nikamwambia na mengine yote, hata uongo niliomwambia mkuu wangu. Nililia. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Huko kwenu, mtu akiiba dawa, halafu akamwita mwenye dawa mwongo, mnamfanyaje?"

"Tunamfukuza, sengi."

"Mimi sikufukuzi. Wewe ni damu yangu. Kula, ugali unapoa."

Nilipokuwa nakula aliingia ndani akaitoa fomu chini ya godoro, akaomba wino. Aliweka dole gumba lake pale nilipomwonyesha. "Andika mzizi," aliniamuru. "Nilichotoa sirudishi. Unga usiandike." Nilielewa alichokuwa anakifunga na alichokuwa anakiacha wazi. Alikuwa amenipa kila kitu ambacho mgeni anaweza kupewa.

Mkuu nilimweleza. Hakunifukuza, ingawa nilimpa sababu. Alinipa barua ya onyo, na namba kumi na saba tukaikata kwenye daftari kwa mstari mmoja ulionyooka, maana kwetu kosa halifutwi, linakatwa ili lisomeke. Mzizi bado tunao. Lile duara la punje ya mhindi halijakua. Tumejaribu kuuchanganya na hiki na kile, tumeusaga, tumeuchemsha, tumeulowesha. Wenzangu wanasema labda ndivyo ulivyo. Mimi najua umelala.

Mwaka uliofuata nilisikia kutoka kwa binamu kwamba shangazi ameanza kwenda porini na mkamwana wake, yule mke wa mwanawe wa mwisho. Kijiji kilizungumza. Dawa haijawahi kutoka nje ya damu yetu; mkamwana ni mtu wa Maswa, ametoka huko Binza kuolewa tu. Wengine walisema mama amezeeka, akili imechoka. Nilijua akili yake haijachoka. Nilikaa kitandani kwangu Mwanza nikasikia wivu ambao sijawahi kuusikia kwa sababu ya mwanamume yeyote.

Naendelea kwenda. Napokelewa vizuri mno, na hapo ndipo pananiuma. Kiti chenye mto ni changu. Nikiingia uani wanapopanga mizizi, maneno yao yanageuka yanakuwa habari za mvua na bei ya pamba, na mkamwana ananyanyuka haraka kuniletea maji ya kunawa. Namshuku, bila shaka. Nimejaribu kutafuta kosa lake, nikapata kwamba anapika ugali laini.

Safari ya mwisho, nikishuka kwenye pikipiki, nilijiunguza kwa bomba la moshi, kwenye shavu la mguu, ngozi ikabaki kwenye bomba. Nilipofika nilikuwa nachechemea. Shangazi aliutazama mguu, akaguna, akamwita mkamwana alete vibuyu viwili na kinu kidogo. Akaniosha kwa maji ya uvuguvugu, mikono yake imekuwa miepesi siku hizi, imepungua nyama. Kisha akaniambia nigeuke nitazame zizi.

Nikageuka. Ng'ombe walikuwa wanakunywa. Nyuma yangu kibuyu kilifunguliwa, kizibo chake kikalia, kisha cha pili. Kitu kilidondoka kinuni, kidogo, kikavu. Nimefanya kazi na mimea miaka mingi. Nipe pumzi moja tu juu ya kinu na nitakuambia ni gome au ni mbegu, ni la porini au ni la sokoni. Nikabana pumzi. Niliibana hadi masikio yakaanza kuvuma, nikisikia mchi ukienda taratibu, taratibu, nikimwomba Mungu amalize.

"Pumua, ng'wanone," shangazi alisema nyuma yangu, akiniita mwanangu. "Hiki hakina harufu."

Nikapumua. Kwa kweli sikusikia harufu yoyote. Ndicho kitu pekee alichowahi kunifundisha kuhusu dawa yake, na sijamwambia mtu wa maabara.